Amefikisha umri wa kustaafu: aondoke, aendelee, au arudi kwa mkataba?

Kuna barua ambayo idara nyingi za utumishi huiandika ikiwa imeshachelewa. Fundi mkuu wa mitambo anatimiza umri wa kustaafu mwezi ujao, hafla ya kumuaga imepangwa, zawadi imenunuliwa, na ndipo mtu anauliza kikaoni: ule mtambo wa zamani ukizimika usiku, nani mwingine anajua kuuwasha? Wote kimya. Kesho yake inachapwa barua ya haraka: "Unaombwa kuendelea na kazi hadi utakapoarifiwa vinginevyo."

Sentensi hiyo ndiyo iliyonifanya niandike ulinganisho huu. Haina tarehe ya mwisho. Haisemi atalipwa kiasi gani, mafao yake yatahesabiwaje, wala nani atakaa karibu naye ajifunze. Mwaka mmoja baadaye fundi yuko pale pale, amechoka zaidi, na mtambo bado una mtu mmoja tu anayeujua. Barua imeahirisha tatizo na kumwongezea mtu mzima mzigo.

Mwajiri ana njia nne mbele yake. Anaweza kumwacha aende. Anaweza kumwacha aendelee kwenye nafasi yake kwa masharti yale yale. Anaweza kumstaafisha kisha kumwajiri upya kwa mkataba wa muda maalumu. Au anaweza kumpunguzia saa za kazi hatua kwa hatua hadi atoke. Ipo na ya tano, kumwita kama mshauri wa shughuli moja moja, nayo nitaigusa kwa kifupi kwa sababu inafaa mara chache kuliko watu wanavyodhani.

Kwanza sheria, maana huenda imeshakuchagulia

Umri wa kustaafu haukutoka kwa madaktari. Ujerumani ilipopitisha sheria ya pensheni ya uzee mwaka 1889, umri uliowekwa ulikuwa 70. Ulishushwa hadi 65 mwaka 1916, na nchi nyingi baadaye zikaizoea namba hiyo. Tangu hapo kila nchi imeusogeza kwa hesabu zake za pensheni na siasa zake. Kwa hiyo namba iliyo kwenye kanuni inakuambia haki na wajibu unaanza au kukoma lini. Haikuambii kama mtu aliye mbele yako anaweza kazi.

Sheria za nchi zimegawanyika takribani makundi matatu. Kuna nchi ambako kumwondoa mtu kwa sababu ya umri peke yake ni kosa: Marekani iliondoa kustaafu kwa lazima katika kazi nyingi mwaka 1986, na Uingereza ilifuta umri wa lazima wa miaka 65 mwaka 2011, ingawa mwajiri anayeweza kuthibitisha sababu ya msingi bado anaruhusiwa kuweka ukomo. Kuna nchi ambako umri upo lakini mwajiri analazimika kumpa mfanyakazi nafasi ya kuendelea. Japani na Singapuri ndizo mifano iliyokomaa zaidi. Na kuna kundi kubwa ambako umri ukifika ajira inakoma, na kinachofuata kinategemea makubaliano ya pande mbili.

Jua uko kundi gani kabla hujaandika mstari wowote. Soma sheria ya ajira, kisha mkataba wa hiari na chama cha wafanyakazi kama upo, kisha kanuni za mfuko wa pensheni. Hizi za mwisho ndizo zinazosahaulika, na ndizo zinazoumiza. Katika baadhi ya mifuko, mstaafu anayerudi kazini husimamishiwa pensheni au hukatwa sehemu yake. Katika mingine anapokea vyote viwili bila shida. Mtu anaweza kukubali mkataba mpya kwa furaha, akaja kugundua kwamba mshahara anaoupata umekula pensheni yake.

Njia nne kwa mtazamo mmoja

| | Gharama kwa mwajiri | Hatima ya maarifa yake | Wanaomfuata | Hatari kubwa |
|---|---|---|---|---|
| Kuondoka | Ndogo mwanzoni, huweza kupanda ghafla | Yanaondoka naye kama hayajarithishwa | Nafasi inafunguka | Pengo linaloonekana baada ya miezi |
| Kuendelea kama zamani | Kubwa kuliko zote | Yanabaki, lakini kwake peke yake | Wanakwama | Hakuna tarehe ya mwisho |
| Mkataba mpya wa muda | Ya kati, hujadiliwa | Yanaweza kurithishwa ikiwa ni sehemu ya kazi | Nafasi inafunguka | Heshima na malipo |
| Kupunguza saa | Ya kati | Yanarithishwa polepole | Wanapanda kidogo kidogo | Nusu mshahara kwa kazi nzima |

Jedwali linaficha mengi, hasa kuhusu njia ya pili na ya tatu, ambako waajiri wengi hukosea.

Kumwacha aende

Njia hii husemwa vibaya bila sababu. Kama mrithi yupo na ameshashika kazi, kama idara inabadilika kiasi kwamba cheo kile hakitakuwepo mwaka kesho, au kama mhusika mwenyewe ana hamu ya kupumzika, kuondoka kwa heshima na kwa tarehe iliyojulikana ndiyo njia bora. Nimeona mijadala mirefu ya menejimenti kuhusu "namna ya kumbakiza" mtu ambaye hakuna aliyemuuliza kama anataka kubaki.

Kinachoharibu ni makabidhiano. Wiki moja ya kukabidhi ofisi, funguo na majalada hairithishi kitu chochote cha maana. Mafaili yanaeleza kilichofanyika. Hayaelezi kwa nini mteja fulani lazima apigiwe simu kabla ya kutumiwa ankara, au mlio gani wa mashine unamaanisha beringi inakaribia kufa. Maarifa ya aina hiyo hupita kwa kufanya kazi pamoja, na hayo ni mambo ya miezi. Ukishindwa kupata miezi hiyo kabla ya tarehe, basi kumwacha aende kutakugharimu, na gharama yake haitaonekana kwenye bajeti yoyote hadi jambo liharibike.

Kuendelea kama zamani

Hii ndiyo njia rahisi kuingia na ngumu kutoka. Hakuna mkataba wa kujadili, hakuna mtu anayeudhika, mshahara unaendelea. Mchumi Edward Lazear alieleza mwaka 1979 kwa nini waajiri waliweka ukomo wa ajira hapo mwanzo: katika taasisi nyingi mtu hulipwa pungufu ya anachozalisha akiwa kijana, na zaidi ya anachozalisha akiwa mkubwa, na ahadi hiyo ya malipo ya baadaye ndiyo inayomfanya ajitume na kukaa. Mpango wa namna hiyo unahitaji tarehe ya kumalizika. Ukiiondoa tarehe na kuacha ngazi ya mshahara iliyopandishwa na miaka 30 ya utumishi, hesabu haifungi.

Kwa hiyo jiulize kwanza: mishahara yenu hupanda kwa miaka ya utumishi au kwa aina ya kazi? Kama ni kwa kazi, kuendelea kama zamani hakuna ubaya mkubwa wa kifedha. Kama ni kwa miaka, kila mwaka unaoongezwa ni wa gharama ya juu kabisa katika ajira nzima ya mtu huyo.

Kisha kuna walio nyuma yake. Hoja ya kwamba wazee wakibaki kazini vijana wa nchi nzima hukosa ajira haina ushahidi wa kutosha. Uchumi hauna idadi ya kazi iliyofungwa kwenye sanduku. Lakini ndani ya taasisi moja mambo ni tofauti. Kiti cha mkuu wa idara ni kimoja. Italia iliposogeza mbele umri wa pensheni ghafla mwishoni mwa mwaka 2011, watafiti waliofuatilia kampuni zilizoathirika walikuta wafanyakazi wadogo kwa umri wakichelewa kupanda vyeo na mishahara yao ikikua polepole. Msaidizi aliyengoja miaka mitano akiambiwa angoje mitatu zaidi, mara nyingi anayeondoka ni yeye, na wewe umempoteza mrithi ili umhifadhi mrithiwa.

Njia hii naikubali kwa mambo mawili: sheria ikilazimisha, au shughuli yenye mwisho wake unaojulikana, mfano kufunga hesabu za mwaka au kukamilisha ujenzi ulioanza naye. Hapo miezi sita kwa masharti yale yale haihitaji mjadala mrefu.

Kustaafu, kisha kuajiriwa upya

Hapa ndipo ningeelekeza waajiri wengi, na ndipo kuna mengi ya kujifunza kutoka Asia.

Sheria ya Japani inawapa waajiri njia tatu za kuhakikisha mtu anaweza kufanya kazi hadi 65: kuondoa ukomo wa umri, kuupandisha, au kuweka utaratibu wa kuendelea kuajiriwa baada ya kustaafu. Tangu 2013 utaratibu huo ni kwa kila anayetaka, si kwa waliochaguliwa na kampuni, na tangu Aprili 2021 waajiri wanatakiwa kujitahidi kufungua nafasi hadi 70. Kampuni nyingi zilichagua hiyo njia ya tatu, na sababu si siri: mtu akistaafu na kurudi, ngazi ya mshahara inaanza upya.

Hapo ndipo ugomvi ulipozaliwa. Madereva wa malori wa kampuni moja ya usafirishaji walistaafu wakiwa na 60, wakaajiriwa upya, wakaendesha malori yale yale kwa kazi ile ile, lakini kwa malipo ya chini. Walikwenda mahakamani. Mwaka 2018 mahakama ya juu kabisa ya Japani iliamua kwamba sehemu kubwa ya tofauti hiyo haikuwa batili, ikizingatia kuwa walikuwa wamestaafu na wangepata pensheni, lakini ikasema posho ya mahudhurio kamili haiwezi kunyimwa kwa kisingizio hicho, kwa kuwa umuhimu wa kufika kazini kila siku ni ule ule kwa dereva yeyote. Mimi naona somo ni pana kuliko posho. Ukishusha malipo, uwe na kitu cha kuonyesha ambacho nacho kimeshuka au kimebadilika: saa, wajibu, usimamizi wa watu, zamu za usiku. Kumshushia mtu mshahara wakati mzigo ni ule ule ni kumwambia, mbele ya wenzake wote, kwamba miaka yake imemfanya wa bei rahisi.

Singapuri ilikwenda kwa utaratibu ulio wazi zaidi. Julai 2022 umri wa kustaafu ulipanda hadi 63 na ukomo wa kuajiriwa upya hadi 68, na tarehe iliyowekwa ya kupanda hadi 64 na 69 ni Julai 2026. Mwajiri anatakiwa kumpa mkataba wa angalau mwaka mmoja mfanyakazi anayestahili ambaye utendaji wake unaridhisha na afya yake inamruhusu. Asipokuwa na nafasi inayomfaa, baada ya kuitafuta kwa dhati, humlipa fedha ya mara moja inayohesabiwa kwa mishahara ya miezi mitatu na nusu, ikiwa na kiwango cha chini na cha juu. Hata kama nchi yako haikulazimishi, muundo huo unafaa kuigwa: mkataba wa mwaka, vigezo viwili vinavyojulikana, na kifuta jasho pale ambapo nafasi kweli haipo.

Faida kubwa ya njia hii ni kwamba cheo kinaachwa wazi. Fundi mkuu anastaafu kama fundi mkuu, msaidizi wake anashika cheo, naye anarudi kama mkufunzi wa mitambo. Lakini hapa naomba msomaji asimame kidogo. Mtu aliyeongoza idara miaka 15 sasa anaripoti kwa kijana aliyemfundisha. Wapo wanaolipokea vizuri na kufurahia kutohudhuria vikao. Wapo linalowaumiza kimya kimya, na maumivu hayo hutoka kwa njia nyingine: maamuzi ya bosi mpya yanapingwa pembeni, wafanyakazi wanaendelea kumfuata mzee kwa ruhusa. Dawa niliyoona ikifanya kazi ni kumtoa kwenye mstari wa amri kabisa: asiwe chini ya mrithi wake, awe chini ya mkuu wa juu zaidi, na kazi yake iwe kufundisha na kukagua, si kuamua. Na hili liambiwe idara nzima siku moja, wote wawili wakiwepo.

Kupunguza saa

Katika karatasi ndiyo njia nzuri kuliko zote: siku tano, kisha tatu, kisha mbili. Uswidi ilianzisha pensheni ya sehemu mwaka 1976 kwa wazo hilo hilo. Ujerumani nayo ilipitisha sheria ya kupunguza kazi kwa wenye umri mkubwa mwaka 1996, ikitarajia watu wafanye nusu ya muda kwa miaka kadhaa. Wengi walichagua kufanya kazi kikamilifu nusu ya kipindi, kisha wakakaa nyumbani nusu iliyobaki. Sheria ilikusudia mteremko, watu wakapata ngazi ya kutoka mapema. Siwalaumu waajiri wala wafanyakazi. Nusu ya muda ni vigumu kuipanga kwenye kazi nyingi.

Inawezekana vizuri kwa mwalimu, mhasibu, muuguzi wa kliniki, mtu wa maabara, yeyote ambaye kazi yake inakatika kwa vipindi au kwa wagonjwa. Kwa msimamizi ambaye watu wanamhitaji kila saa, siku tatu kwa wiki huwa siku tano zenye malipo ya tatu, kwa sababu simu hazijui kwamba ni Alhamisi yake ya mapumziko. Ukichagua njia hii, punguza kwanza majukumu kwa maandishi, ndipo upunguze saa.

Na tahadhari moja inayohusu fedha ya mzee mwenyewe: kwenye mifuko inayokokotoa pensheni kwa mshahara wa miaka ya mwisho, kupunguza saa kabla ya kustaafu kunaweza kushusha pensheni yake ya maisha. Katika hali hiyo astaafu kwanza, mafao yahesabiwe, ndipo arudi kwa nusu muda.

Mshauri

Inafaa kwa mtu mwenye ujuzi unaohitajika mara mbili tatu kwa mwaka. Lakini akiripoti kila asubuhi, akitumia vifaa vyako, na hana mteja mwingine, katika nchi nyingi mahakama itamwona mwajiriwa hata kama karatasi inasema mshauri, na madai ya makato na likizo yatakufuata.

Mwili, usalama, na uwezo

Swali hili watu huliogopa, kwa hiyo huishia kukisia. Kinachojulikana ni kwamba kasi ya kujibu tukio na ya kuchakata jambo jipya hupungua kwa umri, huku msamiati, uzoefu na uamuzi wa mambo yaliyozoeleka vikidumu kwa muda mrefu. Wafanyakazi wakubwa kwa umri kwa kawaida hawakosi kazi mara kwa mara, ila wakiugua hukaa muda mrefu zaidi. Hawapati ajali nyingi, ila wakiumia hupona taratibu. Tofauti kati ya mtu na mtu ni kubwa kuliko tofauti kati ya umri na umri, ndiyo maana kipimo kiwe cha kazi yenyewe.

Usafiri wa anga ulilishughulikia hili kwa namna ninayoipenda. Mwaka 2006 Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga lilipandisha ukomo wa marubani wa ndege za biashara zenye rubani zaidi ya mmoja kutoka 60 hadi 65, lakini kwa sharti kwamba mwenzake awe chini ya 60. Sharti hilo liliondolewa mwaka 2014. Waliongeza muda, wakaweka kinga, wakaangalia, kisha wakalegeza.

Na mara nyingine kinachopaswa kubadilika ni mahali pa kazi. Mwaka 2007 kiwanda cha BMW cha Dingolfing, Ujerumani, kilipanga watu kwenye mstari mmoja wa uzalishaji ili wastani wa umri uwe 47, kama kiwanda kizima kilivyotarajiwa kuwa muongo mmoja mbele. Wafanyakazi wenyewe walipendekeza mabadiliko madogo takriban 70: sakafu ya mbao, viti vya kukalia baadhi ya kazi, lenzi za kukuzia maandishi, zamu za kubadilishana kazi. Gharama ilikuwa ndogo, na uzalishaji ulipanda kwa asilimia 7 ndani ya mwaka mmoja. Vijana nao huchoka magoti kwenye saruji.

Ningechaguaje

Mrithi yupo na yuko tayari: aondoke kwa heshima, na simu yake ibaki kwa makubaliano. Mrithi yupo lakini bado mbichi: mkataba mpya wa mwaka mmoja, kazi ya kufundisha, cheo aachiwe mrithi tangu siku ya kwanza. Mrithi hayupo kabisa: mkataba wa miaka miwili, lakini sharti la kwanza liwe juu yako mwajiri, kwamba utaajiri mtu ndani ya miezi mitatu, bila hilo unanunua muda wa kulala. Kazi inakatika kwa vipindi na mhusika anataka kupumua: saa chache. Utendaji umeshuka kwa miaka na kila mtu anajua: usitumie umri kama mlango wa nyuma wa kukwepa mazungumzo uliyopaswa kuyafanya zamani, wala usimwongezee muda kwa huruma.

Kwenye mkataba wowote andika tarehe ya mwisho, kazi yenyewe kwa maneno ya kawaida, jina la anayefundishwa na mambo anayopaswa kuyaweza kila robo mwaka, malipo na msingi wake, likizo, na kama utumishi wa zamani unaunganishwa au umefungwa. Uliza bima ya afya na ya maisha kama zinafunika umri huo. Baadhi ya bima za kikundi hukoma kimya kimya kwa umri fulani, na familia hujua siku ya msiba.

Mazungumzo yaanze miaka miwili kabla ya tarehe, na ayaanzishe mkuu wake wa moja kwa moja, ana kwa ana, bila barua mezani. Asimuulize ataondoka lini. Amuulize: "Mzee wangu, ukitazama miaka miwili hii na ile inayofuata, ungependa kazi yako iweje?" Kisha anyamaze, aandike anachoambiwa, na ampe wiki kadhaa akaongee na watu wa nyumbani kwake kabla ya kurudi na jibu.